Kibao Alichokivaa Kaka Yako

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mtoto wa kaka yako, ambaye sasa ana mapengo mawili mbele na anayaringia kama amepandishwa cheo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Shemeji naye hajambo? Mwambie shati alilolisahau siku ya mazishi nimelifua na kulipiga pasi, na kola sikuiunguza, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Sisi huku afya tunayo. Mengine ndiyo haya ninayokuandikia.

Najua umeshangaa kuona mwandiko wangu. Mwenyewe ulizoea kunitania kwamba kwangu kalamu ni nzito kuliko pasi ya makaa. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, nami ukinikatiza tu napata pa kukimbilia. Kwa hiyo kaa chini, wifi, usome mpaka mwisho kabla hujazungumza na mtu yeyote.

Siku ya mazishi ulinishika mkono mbele za watu ukaniuliza kaka yako alianza lini kuwa na haraka. Uliuliza jambo la haki. Mtu ambaye chai ilimpoa ikapashwa ikapoa tena, mtu aliyekaa na redio ya mteja mezani hadi mteja akaenda kununua nyingine, mtu huyo ndiye apite taa nyekundu? Nilikujibu kwamba naenda kutazama vikombe. Vikombe vilikuwa mezani, mbele yetu sote. Ulivitazama, ukanitazama, ukaniachia mkono. Tangu saa ile nimekuwa kama mtu anayefuatwa.

Wiki ijayo mahakama inakaa kuchunguza kifo chake. Taarifa ya polisi inasema alipita taa nyekundu, lori likamkuta katikati. Hakimu akiikubali, basi ndivyo atakavyobaki kwenye makaratasi na midomoni mwa watu: mwendesha baiskeli mkaidi aliyejitakia. Na midomo imeshaanza. Wanaokuja kuchukua redio zao hunipa pole, halafu hutikisa kichwa na kulalamika kwamba hawa wa baiskeli hawasikii. Mmoja alinitolea methali kabisa, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, huku kwapani amebana redio aliyotengenezewa bure. Nilimfungulia mlango akatoka. Lakini mtoto siwezi kumfungulia mlango. Alirudi shule akaniuliza, taratibu, kama baba yake alikuwa hazijui rangi. Nilimwambia aende akanawe mikono.

Sasa nikueleze kuhusu askari. Pale njia panda ya hospitali yuko askari wa usalama barabarani ambaye watu humwita Filimbi. Mwaka huu wakubwa wake walitoa amri kwamba waendesha baiskeli wanaopita taa nyekundu wakamatwe wote, wapelekwe kituoni, na baiskeli zibaki huko. Filimbi akawahurumia watu. Aliona mtu akinyang'anywa baiskeli amenyang'anywa na kazi. Kwa hiyo akabuni lake: akakata kipande cha bati, akakitia kamba, akakiandika kwa rangi, NIMEPITA TAA NYEKUNDU. Ukikamatwa unavishwa kibao shingoni, unasimama na baiskeli yako kwenye mstari, ukingoni kabisa mwa barabara ili kila mtu akuone. Unakaa hapo mpaka mwenzako akamatwe, unamvisha yeye, unakwenda zako. Ni kama kile kibao tulichovishana shuleni, mtu akikutwa anaongea kilugha. Watu walicheka, kisha wakazoea. Aliyevaa kibao ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko askari mwenyewe, maana msiba wa mwenzio ndio uliokuwa nafuu yako.

Siku ile lori lilikata kona pale. Kichwa kilipita salama, lakini matairi ya nyuma yakapanda ukingoni. Dereva anasema hakuona mtu ubavuni mwake, nami namwamini, kwa sababu kutoka kule juu pale ukingoni hapaonekani. Askari wa makao makuu walipokuja kupima barabara walimkuta kaka yako na kibao kifuani. Walikisoma, wakaandika walichokisoma. Filimbi alikuwa amesimama hapo hapo na hakutoa neno. Kibao kile hakimo katika sheria yoyote, na angekiri kuwa ni chake, kingemponza afukuzwe kazi.

Unajua nimeyapata wapi haya? Kwa Filimbi mwenyewe. Baada ya mazishi alianza kuja hapa nyumbani siku zake za mapumziko, amevaa nguo za kiraia. Mara ya kwanza nilidhani amekuja kuchukua redio. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akanywa maji, akalitengeneza bomba lililokuwa likivuja, akaaga. Akarudi tena, na tena. Majirani walianza kukohoa wakimwona, wakidhani mjane amepata mfariji. Laiti wangejua. Tulikaa pale kama wezi wawili, kila mmoja akingoja mwenzake ndiye aanze kulia. Siku moja alisema tu kwamba siku hizi baiskeli zote zinasimama kwenye taa, wakubwa wamempongeza, na zikisimama zote kimya namna ile yeye hugeuka akatazama ukuta.

Mimi nami sina hali. Aproni zetu za kazini zina kamba ya shingoni, na sasa siwezi kuivaa. Ikinigusa tu nyuma ya shingo, naivua. Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia pale hospitali ameniuliza mara kadhaa, nimemdanganya kwamba ni upele. Jirani akipigilia bati la paa lake, natoka nje nikatembee. Na pale mlangoni, kila jioni, kuna kitambo kidogo ambapo nina hakika kabisa kwamba kaka yako yuko barazani anafuta viatu vyake, kimoja, kisha kingine, kwa ule uvivu wake. Naogopa kumfungulia. Si kwa sababu amekufa, wifi. Naogopa atakavyonitazama.

Juzi Filimbi alikuja akasema lile alilolibeba muda wote. Ameamua atasimama mbele ya hakimu aseme kibao ni chake, na kwamba kaka yako alikuwa amesimama tuli ukingoni lori lilipomfikia. Wakati huo yeye Filimbi alikuwa upande wa pili wa barabara, amemshika mtu kwenye keria ya baiskeli yake, anamleta ili apokee kibao. Ilibaki kidogo tu. Alipofika hapo machozi yalimtoka, mtu mzima yule. Halafu akashusha sauti. Akaniambia kwamba kama hakimu atauliza kosa la asubuhi ile lilikuwa la nani, yeye atajibu kwamba lilikuwa la marehemu, na habari itaishia hapo. Akanisihi na mimi niiache iishie hapo, kwa ajili ya mtoto.

Wifi, kibao kile hakikuwa cha kaka yako. Kilikuwa changu.

Asubuhi ile tulichelewa. Siku zote alinipakia kwenye keria hadi geti la hospitali, ndipo aende kwenye kibanda chake. Siku hiyo alikuwa anatafuta soksi, na alipopata ya kwanza akakaa kuikagua. Msimamizi alikuwa ametuonya kwamba atakayekuta geti limefungwa arudi kwao moja kwa moja. Nilimfokea kaka yako. Nilimwambia kwamba ameoa mke ili awe na mtu wa kumchelewesha. Nikachukua baiskeli nikamwacha aje kwa miguu. Nilipofika kwenye taa ilikuwa nyekundu, barabara haina hata kuku. Nikapita. Filimbi akatokea nyuma ya kibanda cha magazeti.

Nilisimama na kibao chake nikilia, na si kwa aibu, kwa hasira. Mara kaka yako huyo, anakuja na mwendo wake. Nilijua atanicheka, na kweli alinicheka. Alinivua ile kamba polepole isininase nywele, akajivisha, akaniuliza kama kimempendeza. Filimbi alikataa, akisema kibao ni cha aliyepita. Kaka yako akamjibu kwamba aliyepita ni baiskeli, na baiskeli ni yake. Hata askari akacheka, akakubali. Kisha kaka yako akaniambia niende wasije wakanifungia geti, yeye hana haraka.

Sikumshukuru. Sikugeuka hata kumtazama, bado nilikuwa nimemnunia. Geti nililikuta wazi. Nilikuwa nakunja mashuka niliposikia ving'ora, na nikaendelea kukunja.

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye vikombe siku ile. Ulipouliza mbele za watu, ulikuwa umemjua ndugu yako kuliko taarifa yote ya polisi, nami nikakuacha urudi kwako ukidhani labda hukumjua. Nilijiambia ninamkinga mtoto. Njia ya mwongo ni fupi, wifi. Nilikuwa najikinga mimi.

Nimemwambia Filimbi asante, lakini hapana. Akishamaliza ya kwake nitasimama niseme ya kwangu, kwamba taa niliipita mimi na kwamba mume wangu hakuwahi kuipita maishani mwake. Aliniuliza kama nimefikiria watu wa mume wangu watanifanya nini. Nimefikiria. Nyumba hii ninayokaa ni ya baba yenu, na mkitaka niondoke nitafunga vitu vyangu bila maneno. Mtoto ni damu yenu, sitamficha kwenu. Nakuomba moja tu, msimchukue kabla sijamweleza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Nitamweleza leo akirudi.

Msamaha sikuombi kwa barua, si kitu cha kutumwa kwa posta. Ila uje siku ya kikao, hata kama hutaki kukaa karibu nami. Pawe na mtu mmoja mle ndani aliyempenda, asikie jina lake likisafishwa. Ukitaka kunitukana, nitukane baada ya kikao, maana kabla yake naihitaji sauti yangu.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Posta, kama unavyojua, iko ng'ambo ya njia panda ya hospitali. Tangu alipofariki huwa nazunguka kwa nyuma ya soko nisipaone. Leo barua hii naipeleka mwenyewe, kwa miguu, kwa njia iliyonyooka, na nikikuta taa ni nyekundu nitasimama pale alipokuwa amesimama, mpaka iniruhusu.

Ni mimi, mke wa kaka yako,
wifi yako, kama jina hilo bado ni langu.