Funguo Mbili za Sanduku Moja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifikia hapa Zombo. Sote wazima, na shangazi yako amemaliza kuvuna mpunga.

Unaniuliza upendekeze kinga gani kwa waandishi wa programu. Unasema wanaomba na kurudisha wenyewe nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta, kisha wanasahau na kuitumia tena ikiwa imeshapewa kazi nyingine.

Nilikuwa bi harusi wa miezi miwili katika kijiji cha ujamaa, nimelewa mapenzi ya babu yako. Katika ghala la kijiji kila nyumba ilikuwa na sanduku la mahindi lenye kufuli na funguo mbili, mmoja wa mume na mmoja wa mke. Tuliporudisha letu tupewe kubwa zaidi, babu yako alitoa ufunguo wake. Wangu ulibaki shingoni, kwa sababu alinivika yeye. Asubuhi moja, kwa mazoea, nikafungua sanduku la zamani nikachota.

“Bi harusi, hayo mahindi yangu,” akasema jirani yetu, Mama Sefu, aliyekuwa amepewa sanduku hilo.

Mkutanoni nikaitwa mwizi. Wengine wakataka mlinzi wa kutuchotea. Babu yako, mzuri ajabu, akasimama.

“Tuchote wenyewe. Ila sanduku asipewe mwingine mpaka funguo zote zirudi. Mke wangu alisahau, na kesho nitasahau mimi.”

Wakakubali. Kinga yako nayo isimtegemee mtu kukumbuka: nafasi isipewe kazi nyingine mpaka kila anayeishika awe ameiachia.

Nikamkabidhi Mama Sefu ufunguo. Akacheka.

“Basi leo nakuja kwenu kula mahindi yangu.”

Akaja, akala, akaomba kuongezewa. Hakuna aliyeniita mwizi tena.

Bibi yako akupendaye