Kaka, Nakuonea Wivu wa Miguu

Kaka yangu Hamadi,

Shikamoo. Adabu imekwisha, sasa nikwambie ukweli: nakuonea wivu, tena wivu mbaya, wa miguu yako.

Unakumbuka tulivyoiunda ndege ya baba bandani, hapa Msambweni? Wewe na baba mliunga mabomba ya fremu. Mimi, fundi cherehani, nikashona kitambaa chote cha mabawa mpaka vidole vikavimba. Siku ya kuirusha, nani aliitwa kitini? Wewe. Ulivua viatu kama baba alivyotaka, ukaweka nyayo kwenye zile pedali mbili za kuongozea, ukaongeza moto wa injini, na ndege ikanyooka juu ya majani mpaka ikaacha ardhi. Baba alilia. Mimi nilipiga makofi huku nasaga meno.

Zamu yangu ilipofika, pua ya ndege ilikimbilia kushoto nikaishia kwenye mihogo ya jirani. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Hiyo si cherehani, mdogo wangu! Mbona wakanyaga kwa miguu yote miwili pamoja?"

Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Miaka yote, kwenye cherehani, miguu yangu imezoea kushuka pamoja. Ndegeni mmoja ukienda mbele mwingine hurudi. Baba naye akaongeza chumvi kwenye kidonda: "Kaka yako haingoji pua ihame. Hugusa kulia kidogo tu, mapema."

Kisha ukapata kazi Doha. Nilikukumbatia wakati wa kuagana, na moyoni nikafurahi. Nisamehe. Nilidhani sasa baba ataniona mimi. Wapi! Kila mgeni husimuliwa ile siku yako, na mimi ndiye ninayemmiminia kahawa.

Nimejifundisha peke yangu, kaka. Kila adhuhuri nikishafunga duka langu la kushonea, nilikuwa nikiketi ndegeni pekupeku, injini imezimwa. Kulia kidogo, acha. Kushoto kidogo, acha. Jumamosi iliyopita nikamwomba baba aje kiwanjani. Nikaongeza moto taratibu, nikagusa kulia kabla pua haijahama. Mkia ukainuka, nikagusa tena. Nikapaa, Hamadi! Niliona paa la duka langu, dogo kweli.

Nilipotua baba alikuja na fimbo yake, macho yamelowa, akanishika bega.

"Leo umepata miguu ya kaka yako," akasema.

"Ni yangu, baba."

Akacheka. Alidhani natania.

Nasikia waja likizo mwezi ujao, na mama ameshaanza kufua mapazia ya chumba chako. Nakupenda, na nyumba ni baridi bila kelele zako. Lakini ahirisha kidogo, tafadhali. Ukija utaipanda ndege, utairusha vizuri kuliko mimi, na baba ataisahau Jumamosi yangu. Niachie mwezi mmoja tu, niwe mimi ndiye mwanawe anayeruka.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.