Shamba la Baba Kando ya Hifadhi

Wilaya ya Serengeti,
Juni, 2007.

Mama mpendwa,

Shikamoo Mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepoa tangu mvua ziishe. Kaka Mseti hajambo? Na ng'ombe je, yule aliyezaa pacha ananyonyesha wote? Mimi ni mzima, hata nimenenepa, maana Shangazi Philomena hajui kupika chakula cha mtu mmoja.

Nilifika salama. Nikolaus, yule mchimbaji anayetaka kununua shamba la marehemu Baba, alikuja kuniona kesho yake. Ni mtu mpole, ana kikohozi cha vumbi la mawe, na anaamini dhahabu ya kijito inapita chini ya ardhi yetu. Nilimwomba nilione shamba kwanza. Unanijua, Mama, siwezi kupita kitu bila kuuliza.

Kumbe shamba limekuwa pori! Tangu tembo watumalizie mahindi tukahama, hakuna aliyelima. Nyasi zinanifika kifuani, na kati yake kuna njia pana zilizokanyagwa. Shangazi akanieleza kwamba kijiji kimetenga ardhi tunayopakana nayo iwe ya wanyama, na wageni wanalipa kijiji kuja kuwatazama. Kambi ni mahema machache tu, magari hayaruhusiwi kuacha njia, na yeye na wenzake ndio wapishi. Zahanati imepata paa kwa fedha hizo, ingawa watu wananung'unika kwamba huchelewa.

Nilijiuliza, mtu atoke ng'ambo kuja kumtazama mwizi wa mahindi? Nikamwomba Steven, askari wa wanyamapori wa kijiji, anitafsirie nimuulize mgeni mmoja, bibi wa rika lako. Alicheka, kisha akasema kwao babu zake waliwaua mbwa mwitu wote, wakafanya na sherehe. Leo wajukuu zake wanawaona vitabuni tu. Naye akaniuliza kama ni kweli huku kwetu tunaoa kwa ng'ombe. Nilipomjibu, alishangaa kuliko mimi.

Alhamisi asubuhi tukasikia kelele kwenye shamba la jirani, ambako vijana wa Nikolaus wanachimba. Mtoto wa tembo alikuwa ametumbukia shimoni. Mama yake alizunguka akipapasa ukingo kwa mkonga, na kila akipapasa, udongo ulimwangukia mwanawe. Wachimbaji walikuwa wamekimbilia juu ya miti. Steven alimsogeza yule mama nyuma taratibu kwa gari la kambi, huku akipaza sauti, "Shukeni, mshike majembe! Vunjeni ukingo wa huku, apate pa kupandia!"

Wa kwanza kushuka alikuwa Nikolaus. Walichimba hadi ukingo ukawa mteremko, nami nikazoa udongo kwa beseni la Shangazi. Mtoto alipanda, akateleza, akapanda tena. Alinipita karibu kabisa, mdomo umejaa matope, akakimbilia chini ya tumbo la mama yake.

Nikolaus aliketi chini akihema. Akaniambia, "Dada, miaka yote nachimba, leo ndiyo mara ya kwanza kutoa kitu shimoni kikaondoka kwa miguu yake."

Mama, sasa niseme ninalolizunguka. Shamba sikuuza. Nikolaus aliporudi kuulizia, nilimwambia halipo sokoni. Hakubishana; amekwisha kupata ardhi nyingine ng'ambo ya kijito. Kwa hiyo ng'ombe wa mahari ya Mseti hawatapatikana mwaka huu, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu. Nimewaomba wazee wa kijiji waliingize shamba letu katika eneo la wanyama, libaki letu, tupate mgawo wetu kila msimu. Si mgawo mkubwa, sitakudanganya. Wamekubali, ila wamesema mwenye shamba ni mjane, si binti yake. Na Steven ameanza kunifundisha kuongoza wageni kwa miguu.

Usinijibu kwa barua. Selestine anayekuletea hii anarudi huku wiki ijayo. Panda naye, uje uone kwa macho yako. Ukitaka kunipiga, Mama, njoo unipigie huku huku.

Nisalimie Lilian, mwambie mchumba wake hajakataliwa na mtu, kacheleweshwa na wifi tu. Majirani wote wa Susuni wape salamu, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu na kukuogopa,

Ghati