Karanga Kumi na Sita kwenye Ungo

Basi nikamwambia Milembe, hizo hesabu zako za mimba nionyeshe kwa karanga, hiyo kompyuta siijui. Mwangaluka, dada Minza, na shikamoo. Hapa Geita vumbi linaingia mpaka kwenye uji. Mjukuu wangu Milembe ndiye ananiandikia kadi hii. Huko chuoni anapiga hesabu za mtoto anavyoanza tumboni. Akaweka karanga moja kwenye ungo, zikawa mbili, nne, nane, kumi na sita.

"Bibi, karanga hizi ni seli za mimba, na sasa zinagawana kazi. Za nje zinakuwa kondo la nyuma, za ndani mtoto."

Nikasema, "Si zizi tu hilo! Ndama ndani, wakubwa nje."

Akacheka. Nikamuuliza, je, mimba ikitoka mapema, si bodaboda ndiyo iliyoitoa?

"Hapana, Bibi. Nyingi zinatoka kwa sababu seli zimekosea kugawanyika zenyewe, hata mama angeshinda kitandani zingetoka."

Hapo nikamwambia achukue kalamu, dada. Si nilimwambia mkwe wangu Kabula, mke wa Masanja, amemuua mjukuu wangu kwa kupanda bodaboda kupeleka michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni? Akarudi kwao, hapo Kolandoto jirani yako, na simu yangu hapokei. Nenda kamwambie nimekosa mimi, si yeye. Na atazaa, wewe subiri uone. Goti lako likande kwa maji ya moto, nakukumbuka sana.

Ee, mwanangu Masanja anaita uani: "Mama, njoo, Kabula yuko kwenye simu!"

Milembe, weka kalamu. Naenda.