Karatasi Niliyoitia Kapuni

Jumanne, 3 Juni

Video imenifikia mara sita leo. Mheshimiwa Donald, mwakilishi wetu wa wadi, anayumba kwenye uzinduzi wa tangi la maji. Anashika utepe asianguke, na utepe unakatika kabla ya mkasi kufika. Kwenye mazoezi ya kwaya Sylus wa besi alitangaza kwamba Mheshimiwa amepitisha mswada wa chupa bila kupingwa. Nikacheka. Kidogo — lakini nilicheka.

Alasiri nilikwenda kwake. Alinifungulia mwenyewe, amevaa ndara, ndevu za siku tatu. Tangu wamzike binti yao mwezi wa Januari, anakunywa. Viatu vya shule vya mtoto viko kwenye buti ya gari. Hujifungia gereji, akanywa huku amekishika kimoja. Jumatatu ya tarehe kumi na sita ataingia kituo cha waraibu huko Machakos, kimyakimya.

"Tunaojua ni watatu tu, Pasta. Mimi, Lynn na wewe."

Lynn, mkewe, alinisindikiza hadi getini, akarudi ndani taratibu kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa.

Nimechoka. Miaka ishirini na sita ya kupokea mizigo ya watu, na bado sijui pa kuitua.

Jumatano, 4 Juni

Maombi ya mchana. Desturi yetu ni kapu: mwenye haja huiandika bila jina, huitia kapuni, kila mwombaji huchota karatasi moja na kuiombea. Mwishoni Mumbe, kiongozi wao, huzichoma zote nyuma ya jiko la kanisa.

Niliandika ya Donald. Bila jina, kama kanuni inavyotaka. Lakini nilitaka aombewe kwa huruma, si kwa mazoea. Kwa hiyo nikaeleza. Kiongozi aliyemzika binti yake. Gereji. Kiatu. Safari ya tarehe kumi na sita. Sentensi nne. Nilizisoma mara mbili, nikaridhika nazo.

Alhamisi, 5 Juni

Ee Mungu!

Aliyeichota karatasi alilia, wote wakalia naye. Kisha kila mmoja akamwambia mwenzake wa karibu — ili naye aombe. Hakuna aliyesengenya. Wote walikuwa wanaomba! Na leo asubuhi maombi yamefika kwenye steji ya bodaboda. Kavinya, mke wangu, amerudi sokoni amekunja uso: vijana wamelisimamisha gari la Donald pale Voi mjini, mmoja akainama dirishani. "Mhesh, hicho kiatu ni namba ngapi?"

Jioni alikuja Mumbe. Hakuketi.

"Karatasi nimeichoma, Pasta. Mwandiko wako niliutambua mimi peke yangu. Wewe tulia."

Nikamshukuru. Nimekaa hapa najiuliza nilimshukuru kwa lipi.

Jumapili, 8 Juni

Nilihubiri juu ya rehema kwa walio juu yetu. Nilisema kwamba cheo hakimfanyi mtu kuwa wa mbao; kwamba tunayemwona jukwaani hurudi nyumbani akakuta kitanda kisicholaliwa na mtoto; kwamba kumcheka anayezama ni kukikanyaga kichwa chake. Sylus alisimama, mzee mzima, akatubu mbele ya wote kwa ajili ya ule mzaha wake. Sauti yangu haikutetereka hata mara moja.

Donald alikuwepo! Kiti cha mwisho, karibu na mlango. Baada ya ibada aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Kumbe bado kuna mtu wa kunihurumia."

Nikamuuliza Lynn yuko wapi.

"Amerudi kwao Mghange. Nimemwambia aende. Tulijua watatu, Pasta. Mimi sikusema. Wewe ni mtumishi wa Mungu. Anabaki nani?"

Nilikuwa nimetoka kuzungumza dakika arubaini bila kutazama karatasi. Nikapata neno moja tu: pole.

Jumanne, 10 Juni

Donald amepiga simu. Haendi Machakos. Akapone, arudi nyumba gani? Ila ana sharti moja. Nipande Mghange Jumamosi, nizungumze na Lynn, naye atatukuta huko. Lynn akikiri mbele yangu, atamsamehe, na Jumatatu ataingia kituoni. Asipokiri, basi. Alikuwa amelewa tayari, na saa nne asubuhi haijafika.

Kavinya alikuwa anapiga pasi. Hakuinua macho.

"Baba Maxwell, ile karatasi uliiandika wewe?"

Nikaiweka simu mezani.

"Huyo Mheshimiwa umemhurumia mpaka kanisa zima likalia," akasema. "Na mke wake, yeye atahurumiwa na nani?"

Akalikunja shati, akaliweka magotini pangu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemwandikia Donald barua ya kukiri. Kurasa tatu. Nimeichana. Ilikuwa nzuri mno.

Jumamosi, 14 Juni

Mghange, sebuleni kwa mama yake Lynn. Ukungu umeshuka hadi kwenye migomba. Nimetangulia, Donald yuko njiani. Naandika ili mikono ipate kazi.

Nilidhani ningemwambia Lynn kwanza, tukiwa wawili. Ameleta chai, ameketi, akaniwahi.

"Nimeamua, Pasta. Nitasema ni mimi."

"Lakini si wewe."

"Najua si mimi. Lakini akiendelea hivi hafiki Krismasi. Nimeshazika mmoja mwaka huu." Alisema polepole, kama anayesoma orodha ya vitu vya kununua. "Aliyesema hata sitaki kumjua. Donald aende tu. Wewe ukishasikia nimekiri, utuombee, tumalize."

Nilifungua kinywa. Mama yake akaingia na viazi vitamu, akaniuliza kama naandika mahubiri. Nikasema hapana. Akasema niendelee tu, watumishi hawapumziki.

Hesabu mbaya sana imenijia. Nikinyamaza, Donald anapona, Lynn anasamehewa, kanisa linabaki na mchungaji wake. Wote wanapata — isipokuwa Lynn ataishi miaka yote iliyobaki katika nyumba ya mtu aliyemsamehe kosa langu. Nikisema, huenda Donald asimwamini tena mtu yeyote, wala asiende popote.

Nimejiandalia maneno mawili: ni mimi. Mawili tu, bila pambo.

Gari. Linapanda kwa gia nzito, limezimwa. Mlango wake umebamizwa.

Donald anakuja na viatu vile vya mtoto mkononi. Vyote viwili.

Lynn ameshasimama. Amejifuta mikono kwenye leso, ananitazama.

"Pasta, niache nianze mimi."