Maganda Ishirini ya Byamungu

Coon Rapids, Minnesota
Jumapili, 16 Novemba 2014

Mpendwa dada Leah,

Shikamoo dada. Goti linaendeleaje? Shemeji Felician bado anakohoa, au ile dawa ya Mbeya imemsaidia? Na cherehani mpya umeizoea, au ungali unagombana nayo? Sisi huku hatujambo. Theluji imetuangukia tangu Jumatatu na wifi yako Victoria anaingia zamu ya asubuhi hospitalini. Watoto wanakusalimu, kwa Kiingereza, utanisamehe.

Uliniuliza kwenye simu mbona sauti yangu nzito. Victoria alikuwa karibu, nikakwepa. Sasa nakuambia.

Unamkumbuka mzee Alfred, yule Mmarekani wa kanisani kwetu aliyenifundisha kutengeneza risasi? Alifariki Februari. Ameacha bunduki ya kuwindia aliyoiunda mwenyewe ujanani, na risasi zake haziuzwi duka lolote kwa sababu umbo lake alilibuni yeye. Ukitaka kuipiga, unachukua maganda ya shaba ya risasi nyingine, kubwa zaidi, unayageuza. Wewe fundi utanielewa: ni kama mtu akuletee gauni la mama mnene ulipunguze limkae binti yake. Unalisukuma ganda kwenye kalibu ya chuma, shingo inakuwa nyembamba. Shaba ikibanwa hivyo inakakamaa na kurefuka, kwa hiyo unaipasha moto shingoni ilainike, kisha unapima na kukata kilichozidi. Ukilipiga mara ya kwanza, ganda linatanuka na kushika umbo la bunduki ile. Hapo ndipo limekuwa lake.

Jumamosi za majira manne ya baridi nilikaa na Alfred katika chumba chake cha chini, tukiyafanya hayo. Niliiona kazi ile kuwa yangu.

Kiangazi, mjane wake, Susan, aliniomba nimtengenezee risasi ishirini, akawinde Novemba na bunduki ya mumewe. Nikamwita Byamungu anisaidie. Huyu ni Mkongomani wa Bukavu, tunaimba naye kwaya, anafanya usafi hospitali ileile ya Victoria. Hakuwahi kushika kalibu. Mimi ndiye niliyemfundisha, dada.

Wiki ya tatu akawa amenipita. Kati ya maganda yangu kumi, matano yalipasuka shingo au yakakunjamana. Yake, labda moja. Nilisema kalibu imechakaa, nikabadilisha mafuta, nikamnyima meza yenye mwanga. Akafanyia gizani, yakatoka mazuri vilevile. Susan akaanza kumpigia simu yeye badala yangu. Siku moja akaniambia kwamba Byamungu ana mikono ya Alfred. Nilicheka.

Septemba Susan akatutangazia kwamba yeye akishawinda nayo msimu huu, bunduki itakuwa ya Byamungu.

Sikulala vizuri wiki ile. Nikaanza kuhesabu makosa ya rafiki yangu: anavyochelewa mazoezini, Kifaransa chake, anavyochekwa akitamka majina ya watu wa huku. Mpaka mke wake, Vestine, nilimwona ana maringo, na mama wa watu hana.

Oktoba, maganda ya awali yalipotuishia, Byamungu alinunua ya aina nyingine, akayageuza peke yake, na Jumanne moja akaniletea ishirini yaliyokwisha kujazwa baruti. Akaniomba niyakague kwa sababu mimi ndiye mwalimu. Nikapima moja, refu kupita kiasi. La pili, hivyo hivyo. Shaba ile ilirefuka kuliko ya mwanzo na yeye hakupima upya. Dada, shingo ikizidi urefu inakikaba kichwa cha risasi, na bunduki inaweza kupasuka usoni mwa anayeipiga. Najua hayo kama ninavyojua jina langu.

Nikamrudishia boksi, nikasema, "Ziko safi."

Nilitaka aaibike tu. Nilijidanganya kwamba kifungio cha bunduki kitakataa kufunga na kila mtu ataona.

Jumamosi tukaenda wote watatu kwenye uwanja wa shabaha. Nilidhani Byamungu ndiye atakayepiga. Lakini Susan, mama wa miaka sabini na moja, akakaa mwenyewe, akaingiza risasi. Kifungio kikawa kigumu. Akakisukuma kwa kiganja, kikafunga. Akaegemeza shavu kwenye bunduki.

Nikamshika mkono. Nikamwambia asipige, maganda ni marefu, na nilijua tangu Jumanne.

Susan akaitoa risasi polepole, akafungasha vitu vyake, akaondoka na gari lake bila kunitazama. Hajanipigia simu tena, na sidhani atanipigia.

Byamungu akabaki amesimama. "Ju ya nini haukuniambia?" akauliza.

Nikamwambia ukweli. "Nilikuonea wivu."

Akasema, "Miye nilifikiri umechoka. Nilikuwa nakuombea."

Jumatatu yake akaja kwangu na boksi. Tukazifungua zote ishirini, tukakata shingo, tukapima, tukazijaza upya. Alifanya kila kitu vizuri kuliko mimi. Wiki iliyopita wamekwenda kaskazini, yeye na Susan, bila mimi, na mama yule ameangusha kulungu kwa risasi moja. Byamungu ametuletea paja zima, amelibeba begani kwenye theluji. Victoria amelipika kwa nazi. Watoto wameomba tena.

Nilikula, dada. Usiniandikie kwamba nimetubu na yamekwisha. Bunduki sasa siitaki. Ninachomwonea wivu leo ni jinsi alivyonisamehe, maana mimi kwa kosa kama hili nisingeweza.

Msalimie sana shemeji, na mama umwambie nitampigia Jumapili ijayo. Hili usimwambie. Mungu awalinde na akupe wepesi wa goti.

Ni mimi mdogo wako akupendaye hata anapokuwa mbaya,
Lusajo