Kwa Baba Happyness, Aliyekaa Mbali na Kiota

Mwaka umetimia, Baba Happyness, tangu presha ikuchukue asubuhi ile, kamera yako ikiwa bado kwenye chaji.

Watu wa Ruhembe wanakukumbuka kwa upole wako na kwa picha zako za ndege. Mimi mkeo nakukumbuka kwa hayo, na kwa wivu pia. Niseme tu, Mungu ananisikia: nilimwonea wivu hondohondo, yule ndege wa mdomo mkubwa.

Kanisani hukumaliza mahubiri bila kutoka nje mara mbili. Lakini kwenye kile kibanda chako cha majani, pembeni ya miwa, ulikaa masaa manne hujakohoa. Ulivaa koti lilelile la kahawia kila siku ili ndege wakuzoee. Hata tawi lililoziba picha hukulikata, ulisema ukilikata utawaanika ndege kwa vipanga. Wageni kutoka Mikumi walipokuuliza kiota kiko wapi, uliwapa chai, ukawaonyesha picha. Mti hukuwaonyesha.

Na sifa sasa! "Mama Happy, jike kajiziba kwa tope ndani ya tundu, analalia mayai. Dume anamlisha kupitia ufa mdogo tu, kutwa nzima, hachoki!"

Nikakuuliza, "Na wewe leo umeniletea nini?"

Ulicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka, ugali wako ulikuwa umepoa.

Ndiyo maana siku ile nilikufuata, nimevaa kitenge changu chekundu, nikamwone huyo mke mwenza. Dume akaja na tunda mdomoni. Aliponiona akatua kwenye mti wa mbali, akagoma kusogea. Picha hiyo ya kulishana ulikuwa umeingoja wiki sita. Hukunigombeza. Ulifunga kamera, ukanishika mkono.

"Twende zetu, Mama Happy. Tukiendelea kukaa hapa, mwenzake atashinda njaa."

Wiki iliyofuata ukatutoka. Picha hukuipata, na mimi ndiye niliyekukosesha. Nisamehe, mume wangu.

Mwaka huu wamerudi kwenye tundu lilelile. Jumamosi nilivaa koti lako, nikachukua kamera, nikakaa kibandani nimebana pumzi. Dume alikuja. Akaangaza huku na huku, akashuka mpaka kwenye ufa, akamlisha mkewe tunda moja baada ya jingine.

Sikupiga picha. Nililia tu, kimyakimya, nisije nikamfukuza tena.

Ulidhani wivu wangu ungeisha? Umezidi, Baba Happyness. Yule mama mle ndani, mume wake akiondoka hurudi.

Unakumbukwa na mimi mkeo Editha, wanao Happyness na Brayan, dada yako Odilia wa Vidunda, na jumuiya yetu yote. Kiota tunakitazama kwa mbali, kama ulivyotufundisha, na wewe hatutakusahau siku zote za maisha yetu.